Mshale Ukimpata Mnyama Pabaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa vijana wa Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu wanaoingia kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji, hasa wanaopangiwa wageni wanaowinda kwa upinde. Ni wa ndugu zetu pia waliohamia Marekani na kujifunza huko kuwinda kulungu kwa upinde, maana wao ndio wanaopiga simu usiku wa manane: "Kaka, nimempiga, simuoni, nifanyeje?" Mshale ukienda vibaya, kinachobaki ni macho, subira na miguu. Nimeona mara nyingi mnyama aliyekuwa apatikane anapotea kwa sababu watu waliinuka mapema. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye jambo moja, kusubiri, na sitaomba radhi kwa kulirudia.

Mshale umeachiwa, mnyama amekimbia. Kitu cha kwanza ni kipi?

Tulia hapo hapo ulipo. Macho yasimwache mnyama mpaka apotee, na alipopotelea pachukulie alama: mti gani, kichuguu gani, upande gani wa kichuguu. Kisha tega sikio, kwa sababu porini sikio hufika mbali kuliko jicho. Kuna mbio zinazoishia kwenye kishindo cha kuanguka. Kuna mbio zinazofifia bila kukatika. Kuna hatua chache, halafu kimya, na kimya hicho ndicho cha kukitilia maanani zaidi: amesimama, hajui kilichomchoma ni nini, anaangalia nyuma alikotoka. Ukiinuka wakati huo amekuona.

Angalia saa. Mtu ambaye moyo unamdunda akisubiri dakika kumi huapa kwamba ni saa nzima, na bila saa mtaanza kubishana.

Kama mnyama bado anaonekana, amesimama na ubavu uko wazi, mpigaji aachie mshale wa pili hapo hapo. Asiwaze kwamba anaharibu ngozi au nyama.

Weka alama mahali mpigaji aliposimama kabla hamjaondoka. Ukishavuka mita thelathini za majani yanayofanana, mahali mnyama alipokuwa hapatambuliki tena. Mwache mtu mmoja kwenye maficho awaelekeze kwa mkono.

Nitajuaje mshale umeingia wapi kama sikuuona?

Mnyama mwenyewe anasema. Aliyepigwa moyo au chini ya kifua huruka na kurusha miguu ya nyuma, kisha hutimka bila kuchagua njia. Wa mapafu hutimka vilevile, na mara nyingi haendi mbali. Aliyepigwa tumbo hukunja mgongo kama mtu mwenye chango, hukimbia kidogo, halafu hutembea polepole na mkia umebana. Ukiona mwendo huo, hata kama mgeni anaapa kwamba amelenga moyo, amini ulichokiona.

Mshindo nao hutofautiana. Mbavu hutoa mlio mfupi mkavu, mfupa mzito wa bega hulia ta!, na tumbo hutoa mlio wa maji.

Halafu kuna mshale wenyewe. Ukimtoboa mnyama ukatoka upande wa pili, utaukuta umechomeka ardhini au umelala majanini. Uokote taratibu, uushike karibu na manyoya, uuangalie kwenye mwanga. Damu ya mapafu ni ya waridi na ina vipovu vidogo vilivyonasa kwenye manyoya, ukivigusa vinapasuka. Damu ya ini ni nyekundu iliyoiva, karibu na kahawia. Mshale wa tumbo una utelezi wa kijani na vipande vya majani yaliyotafunwa. Unuse, usione kinyaa. Pua hukosea mara chache kuliko jicho hapa, kwa sababu harufu ya tumbo hubaki hata kama mshale umejifuta ulipokuwa unapita kwenye ngozi. Mshale wenye mafuta meupe tu umepita juu ya mgongo au chini ya kidari. Mshale uliovunjika karibu na chembe, yaani ncha yake ya chuma, huku kipande kirefu kimebaki nje, umegonga kombe la bega, na chembe huenda hakikufika kifuani.

Okota na nywele zilizokatika. Kwa kulungu wa Marekani, nywele nyeupe zinatoka chini ya tumbo na nyeusi kwenye ncha zinatoka mgongoni. Kwa swala pala nayo ni hivyo: juu nyekundu, ubavuni hudhurungi, chini nyeupe.

Damu ya njiani inasomwaje?

Usiangalie wingi peke yake. Jeraha la nyama ya paja au bega hutoa damu nyingi nyekundu kwa mita mia moja za kwanza, watu wanafurahi, kisha inapungua tone kwa tone mpaka inakauka. Jeraha la juu kwenye kifua linaweza lisitoe hata tone mwanzoni, kwa sababu damu inajaa ndani kwanza, na mnyama huyo akawa amelala amekufa mita themanini mbele. Kwa hiyo soma rangi, povu, na urefu. Damu iliyopakaa kwenye majani kwa urefu wa goti la mnyama inatoka chini, iliyopakaa kwa urefu wa ubavu inatoka juu. Ikipakaa pande zote mbili za njia, mshale umetoboa kupita, na hiyo ni habari njema.

Tone lenyewe linaonyesha uelekeo. Likidondoka mnyama akiwa amesimama linakuwa duara. Akiwa anakimbia linavutwa, na ncha zake ndogo zinaelekea kule alikokwenda. Mahali penye matone mengi ya duara pamoja ndipo aliposimama. Angalia hapo chini kwa makini, maana huenda kuna kwato zilizogeuka.

Huku kwetu kuna mtego mmoja ambao mgeni haujui. Kuanzia Agosti hadi Oktoba miombo huchipua majani machanga mekundu kabla ya mvua, na majani makavu ya mwaka uliopita yana madoa ya kutu yanayofanana kabisa na damu iliyokauka. Nimeona watu wazima wakifuata madoa ya majani hadi korongoni. Lowesha kidole kwa mate, sugua doa. Damu huchafua kidole, doa la jani halitoki. Ndugu zetu wa Marekani hubeba kichupa cha haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi, wakainyunyiza kwenye doa. Ikitoa povu, ni damu. Ni njia nzuri, hasa mvua ikiwa imechuja rangi.

Wasaidizi wengine ni wadudu. Nzi wa kijani hufika kwenye damu na uchafu wa tumbo haraka kuliko unavyodhani, na sisimizi hujipanga kwenye tone ambalo wewe umelipita mara mbili. Ukiona nzi watatu wanne wamekusanyika juu ya jani lisilo na kitu, geuza jani hilo.

Tusubiri muda gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Nitaeleza kwanza kanuni ya wawinda kulungu wa Marekani, kwa sababu imejaribiwa na watu wengi sana, kisha nieleze kwa nini haiwezi kuhamishwa nzima nzima mpaka Liwale.

Kwao, mapafu au moyo ni nusu saa, hata kama una uhakika. Ini ni saa nne hadi sita. Tumbo ni saa nane hadi kumi na mbili, na mara nyingi maana yake ni kurudi kesho asubuhi. Sababu ni kwamba mshale hauangushi kwa kishindo, unaua kwa kumwaga damu, na mnyama asiyefukuzwa hulala karibu. Kulungu wa tumbo akiachwa, mara nyingi hulala ndani ya mita mia moja au mia mbili, akadhoofika pale pale. Akifukuzwa baada ya nusu saa atainuka, ataenda kilomita nzima bila kudondosha tone, na hamtamwona tena. Mateso yake yatakuwa marefu zaidi, na ni miguu yenu itakayokuwa imeyaongeza.

Sasa tuje kwetu. Novemba kule Minnesota au Wisconsin usiku ni wa barafu; nyama ikilala nje hadi asubuhi haiharibiki. Oktoba hapa Lindi mchana unapita nyuzi 30, na fisi hawangoji. Mnyama aliyekufa saa tano asubuhi, jioni ameshavimba. Chui naye, au simba kwa upande wa mapori ya Selous, hamsubiri mtu. Ndiyo maana kwenye vitalu vyetu jeraha la tumbo halisubiriwi kwa saa kumi na mbili nzima mchana wa jua kali. Tunachofanya ni kusubiri kadiri joto na wanyama wala nyama wanavyoruhusu, mara nyingi saa tatu nne, kisha tunafuata polepole sana, wawili mbele bila neno, na mwindaji bingwa anayeongoza wageni ana bunduki ya kumalizia. Bunduki hiyo ndiyo inayotupa ruhusa ya kusubiri pungufu. Mwenye upinde peke yake, kama kaka zetu kule, hana ruhusa hiyo, na lazima asubiri muda wote.

Kwa jeraha la mapafu lenye povu, nusu saa inatosha kokote. Mbung'o (ndorobo) watawauma, vumilieni. Kwa jeraha la nyama tupu, paja au bega, wazoefu wengi hawasubiri sana: wanamfuata wamfanye atembee ili damu isigande, wapate nafasi ya kumalizia. Lakini lazima uwe na uhakika kwamba si tumbo.

Shikamoo kaka. Mbona mgeni wangu ni bingwa wa kulungu kwao, ila hapa anapiga matumbo tu?

Marahaba. Analenga palipo sahihi kwa mnyama wa kwao. Kwa kulungu, watu hufundishwa kulenga nyuma kidogo ya bega. Wanyama wetu, kuanzia swala pala hadi tandala, kuro na palahala, moyo na mapafu yao yamekaa mbele na chini zaidi, yamefichwa na bega lenyewe. Mshale unaopita vidole vinne nyuma ya bega la kulungu unapata mapafu yote mawili. Kwa tandala unaweza kupata ncha ya nyuma ya mapafu na ini, au tumbo tupu. Mwonyeshe kwenye mnyama aliyekwisha kuchinjwa kambini, mfungue kifua kwa ubavuni, aone kwa macho yake. Mwambie apandishe jicho kwenye mguu wa mbele ulionyooka, asimame theluthi moja ya mwili kutoka chini. Mvute kando umwambie kwa heshima kabla ya siku ya kwanza, si baada ya kosa.

Na upande una maana. Tumbo kubwa la mnyama anayecheua limekaa kushoto, ini limesukumwa kulia. Mshale uleule ulioenda nyuma kidogo, ukiingilia kushoto unapita kwenye tumbo kwanza, ukiingilia kulia una nafasi ya kupata ini. Ukikumbuka mnyama alikuwa ameelekea wapi, umeshapata nusu ya jibu la muda wa kusubiri.

Alilenga sawasawa, mkono haukutikisika, na bado mshale umepita juu. Imekuwaje?

Swala alisikia kamba. Upinde wa kisasa wenye kapi hurusha mshale kwa takriban mita 85 au 90 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Kwa mita thelathini, mlio wa kamba unamfikia kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kuisha, na mshale unachukua karibu theluthi ya sekunde. Katika mwanya huo mnyama mwenye wasiwasi hukunja miguu ili apate nguvu ya kuruka, na kifua kinashuka upana wa kiganja au zaidi. Mshale unakuta mgongo mahali palipokuwa na mapafu. Swala pala na kulungu wa mkia mweupe wote wanajulikana kwa tabia hii.

Dawa yake ni kutopiga mnyama aliyeinua kichwa na kusimamisha masikio, na kutopiga mbali. Anayekula au kunywa akiwa ametulia, kwa mita ishirini, ni kitu kingine kabisa. Kuna wageni wanaojisifu kwa mita sitini kwenye shabaha ya sponji. Sponji haisikii. Mfuata nyayo unayo haki ya kutikisa kichwa kumwambia asubiri, na mgeni mwenye akili atakushukuru.

Tukianza kufuata, tunakwendaje?

Msikanyage njia ya damu. Tembeeni kando yake, kwa sababu mtairudia. Mmoja macho chini, mwingine macho mbele na bunduki au upinde tayari, wa tatu anasimama kwenye damu ya mwisho na haondoki mpaka aitwe. Zaidi ya hapo watu wote wabaki nyuma. Umati wa watu kumi unaofuata nyayo ni umati unaofuta nyayo.

Jua likiwa chini, jipange ili njia iwe kati yako na jua. Damu mbichi inang'aa. Mnapofika kwenye damu mpya, funga kikaratasi cha chooni kwenye kijiti. Baada ya vikaratasi kadhaa geuka nyuma utazame mstari wake, utaona alikuwa anaelekea wapi, bondeni au kwenye kichaka, hata pale damu inapokuwa imekatika. Viokoteni mkirudi.

Maneno yawe ya mkono na mluzi mdogo. Anayetaka kueleza hadithi yake aieleze kambini.

Damu imekatika kabisa. Sasa?

Rudini kwenye tone la mwisho, sio mbele yake. Piga magoti. Mara nyingi damu haijakatika, imeganda chini ya jani au mnyama amegeuka kona kali ambayo nyote mmeipita mkiwa mmenyooka. Tafuteni kwato zake na mzijue: ncha iliyomeguka, mguu unaoburuzwa, hatua iliyo fupi upande mmoja. Wakati wa ukame, kwato kwenye majivu ya moto wa Agosti zinasomeka kuliko damu yoyote.

Msipoona kitu, zungukeni tone la mwisho kwa duara dogo, kisha kubwa. Halafu kagueni sehemu ambazo mnyama mgonjwa angependa: kivuli kizito, kingo za korongo, maji. Wa tumbo huwa na kiu, na wengi wao huishia karibu na maji. Kesho yake alfajiri tazameni juu. Tai wakishuka sehemu moja, nendeni.

Usiku unaingia na bado hatujampata.

Huku kwetu kuwinda usiku hakuruhusiwi, na kufuata mnyama aliyejeruhiwa gizani ni kujitafutia balaa. Wekeni alama kwenye damu ya mwisho, rudini kambini, toeni taarifa kwa askari wa wanyamapori aliye pamoja nanyi, mrudi kukipambazuka. Kule Marekani sheria za taa na za kuendelea kutafuta usiku hutofautiana jimbo kwa jimbo. Ulizeni jimbo lenu kabla ya msimu.

Na akiwa nyati?

Basi hakuna tena suala la upinde. Nyati aliyejeruhiwa huzunguka, hurudi karibu na njia yake mwenyewe na kusimama kichakani akiwasubiri. Mwindaji bingwa anatangulia na bunduki nzito, mfuata nyayo anasoma akiwa pembeni yake na kurudi nyuma pindi kichaka kinapoziba, mgeni anakaa anapoambiwa akae. Kijana ukiambiwa uingie kichakani peke yako "ukaangalie kidogo", kataa. Hakuna bahasha ya bakshishi inayolipia hilo. Chui naye ni hivyo hivyo, na msidharau pongo na palahala: pembe zao zimeua mbwa na kutoboa watu waliowakaribia wakidhani wameshakufa.

Kwa mnyama yeyote aliyelala, njoo kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Akipepesa, bado yu hai.

Amevuka Ruvuma. Tunavuka?

Hapana. Kwa walio Pori la Akiba Lukwika-Lumesule mto ndio mpaka, ng'ambo ni Msumbiji, na leseni yenu haina nguvu pale. Simameni, andikeni saa na mahali, toeni taarifa. Inauma kumwona amelala kwenye mchanga wa upande wa pili, lakini kuvuka na silaha ni kosa kubwa.

Akiingia kwenye ardhi ya kijiji, mikorosho au mihogo, msiingie na pinde kimya kimya. Oktoba mashamba yamejaa watu wanaookota korosho, na watoto wamo. Mmoja atangulie kwa mwenyekiti wa kijiji au mwenye shamba, asalimie, aeleze. Sijawahi kuona mwenye shamba akikataa alipoombwa vizuri. Nimewaona wakitoa vijana wa kusaidia. Kule Marekani pia ukuta wa jirani unaheshimiwa: bisha hodi kwanza.

Nyama ni halali akikutwa ameshakufa?

Mimi si shehe, na mwenye shaka amwulize wa kwao. Tulichofundishwa wengi wetu madrasa ni kwamba mwindaji Mwislamu akisema bismillahi anapoachia mshale, na mnyama akafa kwa ncha yake kali, ni halali hata akikutwa baadaye, maadamu hakuna alama nyingine ya kumwua. Akikutwa majini huachwa, kwa sababu haijulikani kilichomwua ni mshale au maji. Akikutwa hai lazima achinjwe. Kwa mgeni asiye Mwislamu, masheikh hawana kauli moja, ndiyo maana kambini mfuata nyayo Mwislamu hutembea na kisu kikali kiunoni na huomba awe wa kwanza kumfikia mnyama. Jambo hili lizungumzwe na mwindaji bingwa kabla ya safari ili mtu asimkimbilie mnyama mwenye pembe kwa pupa.

Upande wa afya: mnyama wa tumbo apasuliwe mara moja, kilichochafuka kikatwe na kutupwa, sio kuoshwa kwa maji mengi yanayosambaza uchafu. Nusa karibu na mfupa wa nyonga, ndipo kuharibika huanzia. Ikinuka, iachwe.

Mbwa wanasaidia?

Sana. Ujerumani wana aina za mbwa waliolelewa kwa kazi hii tu, kufuata damu wakiwa wamefungwa kamba ndefu, ingawa kuwinda kwa upinde kwenyewe kumekatazwa kule, kama ilivyo Uingereza. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu mbwa wa kamba kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa. Ukimhitaji, mwite kabla hamjakanyaga kila mahali. Hapa kwetu mbwa wa kijiji hawaruhusiwi kuingizwa kwenye kitalu.

Mnyama aliyejeruhiwa asipopatikana, anahesabiwa?

Ndiyo. Kwenye vitalu vyetu aliyejeruhiwa anahesabiwa kama aliyeuawa, na mgeni analipa. Naona ni utaratibu wa haki. Damu ikiwa imeonekana, hata tone moja, usimsaidie mgeni kusema "umekosa". Atakuomba kwa macho. Mwambie ukweli mbele ya askari wa wanyamapori na uandikwe.

Babu yangu alikuwa na upinde na mishale. Naweza kuutumia kuwinda swala wa mboga?

Bila leseni ni ujangili, haijalishi upinde ni wa babu au wa dukani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ndiyo inayotawala, na mishale ya sumu imekatazwa. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) uulize masharti yalivyo sasa. Najua wazee wa Kingindo walikuwa mafundi wa kazi hii, na elimu yao ya nyayo ndiyo tunayoila mpaka leo. Elimu hiyo haikukatazwa. Wakae na vijana wawafundishe kusoma kwato.

Kaka, tangu jana sijalala. Kila nikifumba macho namwona anavyoondoka na mshale.

Swali hili hutoka kwa ndugu walio mbali, na hutoka pia kwa wageni usiku, pembeni ya moto, kwa sauti ya chini. Usilipuuze na usimcheke anayeuliza. Mtu anayelala usingizi mnono baada ya kumjeruhi mnyama ndiye wa kuogopwa.

Kwanza eleza kilichotokea kwa mpangilio, kwa mtu anayejua kazi: umbali, mnyama alivyosimama, ulichosikia, ulichokiona kwenye mshale. Eleza bila kujipendelea na bila kujitukana. Mara nyingi katikati ya maelezo hayo mnagundua kitu: kwamba damu ilikuwa ya msuli, na mnyama wa namna hiyo mara nyingi hupona, au kwamba kuna korongo ambalo hamkulikagua. Basi rudi ukalikague. Kinachotuliza moyo ni kutafuta mpaka mwisho, na maneno ya kubembeleza hayatafika hapo. Kama umetafuta kote na hujampata, huzuni hiyo ni yako, ibebe. Inapungua kwa siku, na haikufanyi kuwa mtu mbaya.

Mgeni akikaa kimya, mpelekee chai, kaa naye. Usianze hadithi za wageni wengine waliofanya vibaya kuliko yeye.

Lini tuache kutafuta?

Mwindaji bingwa ndiye anayeamua, lakini atakuuliza wewe. Kama damu ilikuwa ya mapafu, ini au tumbo, mnyama amekufa au anakufa, na hakuna sababu ya kuacha kabla ya kukagua kila kichaka mpaka kesho yake, tai wakiwa angani. Kama ilikuwa ya msuli, imekauka, kwato zimerudi kwenye hatua ndefu zilizo sawa na amejiunga na kundi, mwacheni. Kumfukuza huyo ni kumchosha bure.

Kesho yake mgeni anataka kutoka tena. Atoke?

Kabla hajatoka, mpeleke kwenye shabaha nyuma ya kambi. Aachie mishale yenye chembe zilezile za kuwindia, sio za mazoezi, kwa umbali uleule aliokosea. Angalia kama kilengeo kiligongwa kwenye gari, hutokea sana kwenye barabara zetu. Angalia manyoya ya mishale, kama kuna lililobanduka kwa joto, na kama chembe zimekaa sawa kwenye uti. Akipiga mahali pamoja, kosa halikuwa la upinde, na mwindaji bingwa atapunguza umbali wa siku hiyo hadi mita ishirini. Akitawanya, upinde urekebishwe kwanza, na nyinyi mtumie asubuhi hiyo kurudi kwenye tone la mwisho la jana.